Maswali yenu kuhusu Peru: bendera, moyo wa ng'ombe na zambarau ya Oktoba

Sikukuu ya uhuru wa Peru ni Julai 28 au 29? Naona zote mbili zinatajwa.

Zote ni mapumziko. Ya uhuru wenyewe ni tarehe 28: siku hiyo mwaka 1821 Jenerali José de San Martín, mzaliwa wa Argentina, aliutangaza mjini Lima. Tarehe 29 ni ya majeshi na polisi, siku ya gwaride. Julai nyumba hutundika bendera nyekundu na nyeupe, na ukizembea manispaa inaweza kukutoza faini.

Kwa hiyo Wahispania waliondoka 1821?

Wapi! Walijichimbia milimani mpaka walipopigwa Ayacucho, Desemba 9, 1824, na jeshi la Antonio José de Sucre. Watumwa ndio walisubiri zaidi. San Martín aliamuru watoto wao waliozaliwa kuanzia siku ya uhuru wawe huru, lakini wazazi wakabaki utumwani hadi Ramón Castilla alipoufuta mwaka 1854. Miaka 33 nchi inasherehekea uhuru, na mwenzako bado ni mali ya mtu!

Ni kweli wanakula moyo wa ng'ombe?

Kweli, na wanaupenda. Unaitwa antikucho. Husimuliwa kwamba mabwana walijichukulia minofu, wakawaachia Waafrika moyo na matumbo. Nao wakaupika hadi mabwana wenyewe wakautamani. Moyo hukatwa vipande, ukalala kwenye siki, kitunguu saumu, binzari nyembamba na pilipili nyekundu iliyokaushwa. Jioni mama muuzaji huupanga vijitini juu ya makaa, huku akiupaka viungo kwa maganda ya hindi yaliyochanwachanwa mfano wa brashi. Moshi unakufikia kabla hujaliona jiko. Pembeni kuna kiazi cha kuchemsha. Mla mishikaki wa Dar au Mombasa hatapotea hapo.

Seviche ni samaki mbichi?

Hajaona moto. Maji ya ndimu huigeuza nyama yake nyeupe, ionekane imeiva, ila hayaui vijidudu kama moto. Kwa hiyo samaki awe wa leo. Huliwa na kitunguu, pilipili, kiazi kitamu na mahindi.

Mbona Oktoba Lima nzima huvaa zambarau?

Ni maandamano ya Bwana wa Miujiza. Mwaka 1651 mtumwa kutoka Angola alichora ukutani Yesu msalabani. Tetemeko la 1655 likabomoa majengo, ukuta ule ukabaki. Leo nakala ya picha hiyo hubebwa mabegani, umati ukiifuata.

Kitafunwa cha mwezi huo ni turrón de Doña Pepa, kinachohusishwa na mama mtumwa ambaye, kwa masimulizi, aliponywa mikono iliyopooza. Ni vijiti vya unga vyenye harufu ya anisi, vikapangwa tabaka kwa tabaka, vikamwagiwa shira nzito na kunyunyiziwa peremende za rangi. Usikile umevaa nguo ya kutokea.