Usimuulize mteja CC ngapi, muulize anabeba nini

Wiki yenu ya kwanza gereji mtasikia swali moja kwa kila mteja: "Fundi, hii ni CC ngapi?" Ukishamjibu, anaona ameshaijua nguvu ya pikipiki yake. Bado hajaijua. CC ni nafasi inayofagiwa na pistoni ndani ya silinda, basi. Chukueni silinda ya Boxer 150 mpime wenyewe: upana wa tundu ni milimita 56, safari ya pistoni ni milimita 58.8. Zidisha 56 kwa 56, kisha kwa 0.7854, kisha kwa 58.8, ugawe kwa 1,000. Utapata 144.8. Huo ni ukubwa wa sufuria. Haukwambii kuna moto gani chini yake.

Anayebisha mpeni mfano huu. Royal Enfield Classic 350 ina CC 349 na hutoa nguvu za farasi 20 hivi. KTM 390 Duke, ile yenye injini ya CC 373, hutoa zaidi ya 40. CC zimepishana 24 tu, nguvu ni maradufu. Pistoni ya Duke ni pana, milimita 89, na safari yake ni fupi, 60, kwa hiyo injini inaweza kuzunguka mara 9,000 kwa dakika bila kujiumiza. Ya Classic ina upana wa 72 na safari ndefu ya 85.8, kilele cha nguvu yake ni kwenye mizunguko 6,100. Lakini msiidharau. Toki yake kubwa, yaani nguvu ya kuzungusha, inapatikana mapema, kwenye 4,000, ndiyo maana inavuta taratibu bila kulalamika.

Toki ni nguvu ya kuzungusha shafti, ile ile unayoisikia mkononi ukifungua nati kwa spana. Nguvu za farasi ni toki hiyo mara kasi ya mzunguko. Hili ndilo ningependa mlishike kabla ya kushika bisibisi.

Kijana mmoja alikuja na pikipiki ya CC 150. Kazi yake ilikuwa kuuza maji, mitungi sita ya lita 20, anavuka nayo feri ya Likoni hapa Mombasa. Akasema injini imechoka, inamzimikia kwenye kilima cha kutokea feri, hasa maji yakipwa. Alisema kweli: bahari ikishuka, feri nayo inashuka, na kile kilima kinakuwa kikali zaidi. Alitaka tumtafutie injini ya CC 200.

Nikamwambia tupige hesabu kwanza. Pikipiki kilo 125, yeye 70, maji 120, mitungi mitupu tuseme 5. Jumla 320. Akiwa peke yake, kila farasi mmoja kati ya 12 wa injini ile anabeba kilo 16 hivi. Akipakia, anabeba karibu 27. (Anayebeba mishikaki hana tofauti na huyu: abiria wawili wa kilo 70 ni mzigo mkubwa kuliko mitungi ile.)

Sasa tazameni. Kilima kinachopanda mita 1 kwa kila mita 10, kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, kinadai farasi 2 na kidogo kwa uzito huo. Anao 12, vipi ashindwe? Kwa sababu wale 12 wanapatikana kwenye mizunguko 7,500. Kwenye feri umezungukwa na watu, unaachia klachi polepole, injini iko 2,500. Chukua toki ya nyutonimita 11, zidisha kwa 2,500, gawa kwa 7,120 (namba ya kugeuza jibu liwe nguvu za farasi): hupati hata farasi 4. Tena yeye alikuwa akiondoka na gia ya pili ili asipige kelele, mizunguko inashuka zaidi, injini inakufa.

Tuligusa sproketi tu, yale magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo. Nyuma alikuwa na meno 42, mbele 15. Tukamfungia ya mbele yenye meno 14. Gawa meno ya nyuma kwa ya mbele: kutoka 2.8 hadi 3, yaani mvuto kwenye tairi umeongezeka kama asilimia 7. Nilimweleza pia anachopoteza: kwa mizunguko ile ile, mwendo unapungua kiasi hicho hicho, na safari ya Mtwapa ataisikia injini ikilia zaidi. Akakubali. Nikamwambia aondoke na gia ya kwanza kila siku, hata mzigo ukiwa mdogo.

Nasisitiza hili kwa sababu nilipokuwa mwanagenzi tulimchongea mtu silinda tukaweka pistoni kubwa, bila kugusa kabureta. Kwa joto letu la Mombasa na mzigo wake, pistoni ilikwama kabla mwezi haujaisha. Alikuwa baba wa watoto na pikipiki ile ndiyo iliyomlisha. Sikumsahau.

Mkiletewa pikipiki iliyotoka Nairobi, kumbukeni hewa. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Huku chini hewa ni nzito, nguvu inarudi. Lakini kama jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli, ilipunguzwa huko juu, hapa mchanganyiko utakuwa mkavu, petroli kidogo kwa hewa nyingi, na injini itachemka. Fungueni plagi mtazame: ikiwa nyeupe kama chokaa, badilisheni jeti kabla ya kumrudishia.

Yule muuza maji, kabla hajaondoka, nilimfungulia ngoma ya nyuma. Viatu vya breki vilikuwa vimebaki unene wa kadi ya simu. Kilo 320 zikishuka kuelekea feri hazisimamishwi na CC. Tuliweka vipya siku ile ile, pesa alimalizia Ijumaa.