Unataka kusafirisha mwani au viungo kutoka Pemba? Soma hii kwanza

Wengi wanaoniuliza kuhusu kupeleka mazao nje swali lao la kwanza ni mnunuzi, mnunuzi nampata wapi. Mie nakwambieni mnunuzi anapatikana, pesa inapotea baina ya shamba na meli. Karafuu iwacheni kando, ile ina njia yake, inauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, hapa nazungumzia mwani, mdalasini, pilipili manga, manjano na vyenginevyo.

La kwanza unyevu. Kontena ni chuma, mchana linapigwa jua pale bandarini, usiku linapoa, na likifika kwenye bahari za baridi kule Ulaya paa linatoa jasho kwa ndani, na maji yale mengi yametoka kwenye mzigo wako mwenyewe, yanadondoka juu ya mapolo na ukungu unaanza. Kwa hivo mnunuzi hata akikuharakisha vipi usifunge mzigo ambao haujakauka, hasa msimu wa masika. Pilipili manga tia jinoni, ikivunjika kwa mlio imekauka, ikibonyea irudishe juani. Mwani anikeni kwenye vichanja sio mchangani, kisha ukung'uteni vizuri maana mnunuzi hanunui mchanga. Kinamama wa Pemba wanakaa majini masaa mangapi kwa mwani ule jamani, ukioza kwenye kontena kwa uzembe wa mfanyabiashara inauma sana.

Kontena tupu likija usianze kupakia. Mtie kijana ndani, funga milango yote dakika mbili tatu, atazame juu na pembeni, akiona nuru imepenya hata tundu la sindano lirudisheni, mutake jengine. Anuse pia, kama lilibeba samaki au kemikali viungo vitanyonya harufu ile. Aguse na mbao za chini kama kavu. Halafu ndo mutandike karatasi ngumu chini na ubavuni, mutundike vile vifuko vya kunyonya unyevu, na mapolo yasifike kugusa paa.

Sasa tarehe, hapa ndo watu wengi wanaumia. Kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, mpaka bandari ya Malindi, Unguja, unategemea bahari, na upepo wa kusi ukishika safari zinaahirishwa. Wakati huo huo kontena la kampuni ya meli lina siku zake za bure, zikiisha unalipia kila siku. Namjua mtu kontena lilimsubiri Unguja mzigo wake umekwama Pemba, faida yote ikaishia kwenye bili ile. Vusha mzigo mwanzo, kodi stoo kavu mjini, ndo ukachukue kontena, na muulize wakala siku za bure zinaanza kuhesabiwa lini, akujibu kwa maandishi. Tena mara nyingi kontena linahamishwa meli njiani, Mombasa au Dar es Salaam au kwengineko, kwa hivo usimuahidi mnunuzi tarehe ya kufika kama vile meli inakwenda moja kwa moja.

Uzito usikisie. Tangu Julai 2016 kontena halipandi meli bila uzito uliothibitishwa, yaani mzigo, mapolo, mapaleti na kontena lenyewe, uzito wa kontena tupu umeandikwa mlangoni. Mapaleti ya mbao yawe na muhuri wa kutibiwa kwa joto au dawa, bila muhuri ule nchi nyingi watayazuia.

Mkaguzi wa afya ya mimea mwite mapema, mzigo bado uko wazi auone, sio kontena limeshapigwa sili ndo unamtafuta. Cheti chake, cheti cha asili kinachoonesha mzigo umetoka nchi gani, ankara na BL, yaani hati ya meli ya kupokea mzigo, vyote visomeke sawa, jina la mnunuzi, idadi ya mapolo, kilo. Wakala akikutumia drafti ya BL kaa chini uisome herufi kwa herufi kabla hujasema sawa, maana orijino ikishatoka kuibadilisha ni malipo mengine na siku nyengine, na meli inakuwa imeshaondoka.