Rangi ya taa inabadilika nikisogeza kamera: bagi iko wapi kwenye kompaila yangu?

Swali: Habari za kazi kaka. Naandika kompaila ya kugeuza sheda (programu ndogo za kuchora picha kwenye GPU) za HLSL, lugha ya Direct3D, ziwe GLSL, lugha ya OpenGL. HLSL naipitisha kwenye DXC, kompaila ya Microsoft, inanipa SPIR-V (lugha ya kati ya sheda), halafu kipande cha kusoma hiyo SPIR-V na kutema GLSL nimekiandika mwenyewe. Kwenye Direct3D picha iko safi. Kwenye OpenGL taa inabadilika rangi kila nikisogeza kamera, na vigae vya sakafu upande wa namba hasi vimevurugika. Mpaka sasa narekebisha kwa kutafuta neno na kubadilisha kwenye GLSL iliyotoka ila nikitengeneza moja linaharibika lingine. Nianzie wapi?

Jibu: Salama kaka. Kwanza hiyo ya kutafuta na kubadilisha iache leo leo, nakuomba sana. GLSL unayoiona ni mwisho wa safari, kosa limetokea huko nyuma, na ukibadilisha `mod` kwenye maandishi siku ikija sheda yenye kigeu kinaitwa `mode` nacho unakikata. Unachotafuta ni kitu kimoja tu, hatua gani imebadilisha maana ya programu.

Pitisha SPIR-V yako kwenye `spirv-val`, kifaa cha kukagua kama inafuata kanuni. Ikilalamika, shughulika na hilo kabla hujagusa kitu kingine. Ikinyamaza, ifungue kwa `spirv-dis`, inayoigeuza iwe maandishi, uisome kwa macho, usiruke hii hata kama ni ndefu.

Sasa taa. Umeshajipa jibu mwenyewe hujagundua tu, rangi inafuata kamera maana yake sheda inasoma namba za kamera ikidhani ni rangi. Nadhani bafa yako, yaani kumbukumbu inayobeba namba kutoka kwenye programu kwenda kwenye sheda, inafanana na hii (float ni namba ya baiti 4, float3 ni tatu pamoja, GLSL inaiita vec3):

```
cbuffer Taa {
  float nguvu;
  float3 rangi;
  float4 kamera;
};
```

Kwenye HLSL `nguvu` inakaa baiti 0, `rangi` inaanza baiti 4 kwa sababu inatosha kwenye zile 16 za kwanza, `kamera` inaanza 16. Kwenye std140, kanuni ya GLSL ya kupanga vitu kwenye bafa, vec3 lazima ianze kwenye baiti inayogawanyika kwa 16, kwa hiyo `rangi` inasukumwa mpaka 16 na `kamera` inaenda 32. Programu yako bado inajaza bafa kwa mpangilio wa Direct3D, hapo kwenye 16 imeweka mahali pa kamera, ndo hiyo unayoiona ikiwaka kwenye taa.

Usiniamini mimi, hakikisha. Jaza bafa namba zinazolingana na nafasi zake, 0, 1, 2, 3 hadi mwisho, kila float moja, halafu andika sheda ndogo ya kukokotoa inayonakili `rangi` kwenda bafa ya matokeo. Ukipata 1, 2, 3 uko sawa. Ukipata 4, 5, 6 umesogea float tatu mbele, yaani baiti 12, na umejua bila kubahatisha. Hii mbinu naipenda kuliko kukodolea macho picha, maana picha inaonyesha kwamba kuna kosa ila haisemi liko baiti ya ngapi.

Kwenye `spirv-dis` tafuta mstari wa `OpMemberDecorate %type_Taa 1 Offset 4`, yaani `rangi` inaanza baiti 4. Ukiuona basi DXC imekwambia ukweli na kipande chako ndo kimeupuuza, kimeandika std140 kikaishia hapo. Dawa yake: kwa kila bafa piga hesabu std140 ingeweka kila kitu wapi, linganisha na Offset za SPIR-V, zikilingana zote andika kawaida, ikipishana hata moja tandaza bafa nzima iwe `vec4 d[2]` halafu `rangi` uitoe kama `d[0].yzw` na `kamera` iwe `d[1]`. Haipendezi kusoma lakini haidanganyi.

Na angalia safu (array) pia. Ukiwa na `float a[2]; float b;` Direct3D inaweka `b` baiti 20, ila DXC ikitoa SPIR-V kwa kawaida yake inaiweka 32, hapo kosa halipo kwako kabisa. Iendeshe na `-fvk-use-dx-layout` ili Offset zifuate mpangilio wa Direct3D ambao programu yako inautumia.

Vigae ni bagi nyingine kabisa, usizichanganye. `fmod` ya HLSL inabaki na alama ya namba ya kwanza, `fmod(-1, 3)` ni -1. `mod` ya GLSL inatumia floor (kushusha hadi namba nzima ya chini), jibu ni 2. Upande wa chanya zinafanana ndo maana hukuona mapema. SPIR-V yenyewe imezitenganisha, OpFRem ndo ya `fmod` na OpFMod ndo ya `mod`, nina hakika kipande chako kinazitema zote mbili kama `mod`. OpFRem iandike `x - y * trunc(x / y)`, `trunc` inakata desimali tu.

Kuna mtego mmoja wengi wanaanguka. Ukizima optimaiza (hatua ya DXC ya kufanya sheda iwe nyepesi) bagi ikapotea, usikimbilie kusema optimaiza ni mbovu. Mara nyingi imetoa SPIR-V sahihi kabisa ila yenye umbo ambalo kipande chako hakijawahi kukutana nalo. Chukua hiyo hiyo SPIR-V iliyopita kwenye optimaiza, ipunguze kwa `spirv-reduce`, unaipa skripti inayosema kama bagi bado ipo na yenyewe inakata maelekezo yasiyohusika mpaka ibaki mistari michache. Hiyo michache ihifadhi iwe jaribio la kudumu.

Kwenye majaribio usilinganishe maandishi ya GLSL peke yake, ukibadilisha jina la kigeu tu yote yanaanguka na mwisho unazoea kuyapuuza. Endesha sheda kwenye GPU ulinganishe namba. Za `sin` na `cos` ziachie nafasi kidogo ya tofauti, ila hizo 1, 2, 3 za bafa lazima ziwe zenyewe kabisa.

Draiva ilaumu mwisho, pale ambapo `spirv-val` imenyamaza, GLSL umeisoma mwenyewe ukaona iko sawa, na GPU ya kampuni nyingine inatoa namba sahihi kwa sheda hiyo hiyo. Hapo ndo wapelekee waliotengeneza draiva ile sheda ndogo uliyoipunguza.