Bastille haikumwondoa mfalme
Ndugu, kuna anayesema ufalme wa Ufaransa ulianguka siku Bastille, ngome iliyotumika kama gereza mjini Paris, ilipovamiwa. Hapana, haukuanguka siku hiyo. Tarehe 14 Julai 1789 watu walifuata baruti zaidi. Wafungwa mle walikuwa 7 tu! Mfalme Louis XVI akaendelea kukalia kiti chake. Oktoba, wanawake wa Paris waliochoshwa na bei ya mkate walitembea kwa miguu hadi Versailles, kwenye kasri la mfalme, mvua inawanyeshea, wakarudi naye mjini pamoja na familia yake. Kwa maoni yangu, kilichommaliza ni kujaribu kutoroka Juni 1791. Alikamatwa katika mji wa Varennes, na nani angemwamini tena? Agosti 10, 1792 umati wenye silaha ukavamia kasri la Tuileries alikokuwa akiishi Paris, na Septemba 21 ufalme ukafutwa rasmi. Mfalme mwenyewe alikatwa shingo kwa gilotini, mashine ya kukatia vichwa, Januari 1793.