Chatu wangu mdogo amegoma kula tangu Juni, nimlishe kwa nguvu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nipo Dodoma, eneo la Kisasa. Nina chatu wa miezi saba, ninamfuga kwa kibali na kumtumia kufundishia wanafunzi. Alikuwa anakula panya mweupe kila wiki bila shida. Katikati ya Juni alimtapika panya siku ya tatu baada ya kummeza, na tangu hapo amekataa mara nne. Nimejaribu hadi kifaranga. Anakaa sebuleni kwenye tangi la kioo chini ya balbu ya wati 60, ambayo naizima usiku ili apate giza. Rafiki yangu anasema nimfungue mdomo nimsukumie chakula kwa koleo. Je, nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba. Usifanye hivyo, tafadhali. Koleo litampasua fizi na kumvunja meno, chakula kinaweza kuingia njia ya hewa, na hata kikifika tumboni atakitapika tena, kwa sababu kilichomtapisha mwanzo bado kipo.

Katika maelezo yako nimesimama kwenye ile balbu unayoizima. Nyoka hatengenezi joto la kutosha mwilini kama sisi, hulipata kwa kinachomzunguka. Wewe unajua kipupwe cha Dodoma: mchana jua linawaka, alfajiri watu wamevaa makoti, na nje joto linaweza kushuka hadi nyuzi 14 hivi. Kioo nacho hakitunzi joto. Ukimlisha jioni kisha ukazima balbu, tumbo linapoa na mmeng'enyo unasimama, na panya anaanza kuoza ndani kabla hajasagika. Kumtapika ndiyo njia ya chatu kujiokoa. Kukataa kula baada ya hapo ni akili ya mwili wake, namsifu kwa hilo.

Nunua vipimajoto viwili. Kimoja kiweke sakafuni mwa tangi upande wa joto, kingine kona ya baridi, maana joto la ukutani si joto analolalia. Soma saa nane mchana, kisha amka usome saa kumi na moja alfajiri. Upande wa joto unatakiwa uwe nyuzi 30 hadi 32, upande wa baridi 25 hadi 27, na usiku pasishuke chini ya 24. Badala ya balbu tumia kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga, chenye kidhibiti joto na wavu wa kumzuia asikiguse. Giza atalipata na joto litabaki. Funika pande tatu za tangi kwa blanketi zito, lisikaribie kipasha joto. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo itamsogeza hadi asubuhi. Jiwe la joto la umeme usimwekee kabisa, huwaunguza tumboni.

Joto likishakaa sawa, usimpe chochote kwa siku kumi. Kila jaribio linamsumbua, na wanafunzi nao wasimshike kipindi hicho. Halafu anza na panya mdogo, nusu ya yule aliyemzoea. Akimmeza, muache saa 48 bila kumgusa, usubiri wiki moja ndipo urudie. Baadaye kipimo kiwe panya asiyezidi unene wa sehemu nene kuliko zote ya mwili wa chatu.

Panya awe amekufa tayari, na awe wa moto. Chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, hivyo panya aliyepoa hamvutii. Mtie kwenye mfuko wa plastiki, uuchovye kwenye maji ya moto dakika chache, mfute, kisha mpe kwa koleo refu (hiyo ndiyo kazi ya koleo). Panya hai akiachwa humo humng'ata. Nimewahi kumshona chatu mchanga aliyetafunwa mgongo usiku mmoja tu. Panya wa mtaani achana nao, huenda wamekula sumu.

Kabla ya yote mtazame macho. Yakiwa na ukungu wa kibuluu na ngozi imefifia, anakaribia kujivua gamba, na wengi hugoma kula mpaka wamalize. Hewa ya Dodoma msimu huu ni kavu, gamba huvuka vipandevipande, kwa hiyo muwekee kijisanduku cha kujificha chenye taulo bichi.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike. Chatu mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula asidhurike. Lakini akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, akitapika tena, akitoa mapovu mdomoni, akipumua kwa kukoroma au akiwa na usaha kwenye fizi, mlete hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mtie kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya boksi lenye matundu, usafiri alfajiri na mapema ukimkinga na baridi, na ubebe kinyesi chake kibichi tupime minyoo. Chukua na nakala ya kibali chako, kwa sababu chatu analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 na unaweza kuulizwa njiani.