Neema Hutangulia: maswali yenu kuhusu hiari, dhambi na wokovu

Bwana Yesu asifiwe, wasomaji wapendwa. Tangu niandike hapa kwamba mtu hawezi kujiokoa mwenyewe, maswali yamemiminika kutoka Uyole hadi Mafinga. Wengine mmefarijika, wengine mmekasirika. Nimechagua machache, na majina nimeyaacha kwa sababu baadhi yenu mko msibani.

Mwalimu, kama Mungu alijua tangu mwanzo kwamba Adamu atakula lile tunda, kosa ni la nani? (Kijana, Uyole)

La Adamu, mwanangu. Kujua jambo si kulisababisha. Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyekuwa askofu wa Hippo, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alilijibu swali lako zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Alisema unapokumbuka jambo la jana, kumbukumbu yako haikulilazimisha litokee. Vivyo hivyo Mungu akijua la kesho, hamshiki mtu mkono alitende. Tena Musa hakuwaambia Israeli wakae wasubiri yaliyoandikwa. Aliwaambia, "chagua uzima" (Kumbukumbu 30:19). Huwezi kumwambia hivyo mtu asiye na la kuchagua.

Nimeokoka, na kanisani tunafundishwa kuwa aliyeokoka hatendi dhambi. Lakini mkwe wangu akinijibu vibaya namnunia wiki nzima, na sokoni mteja akienda kwa jirani roho inaniuma. Naogopa hata kukaribia Meza ya Bwana. Au sijaokoka? (Mama muuza viazi, Mafinga)

Dada yangu, umeokoka, na hofu yako yenyewe inanionyesha hivyo. Mtu asiyemjali Mungu hakosi usingizi kwa sababu ya kumnunia mkwe.

Wanaokufundisha hivyo wanasimama kwenye 1 Yohana 3:9, kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Wasimame pia kwenye sura ya kwanza ya waraka uleule, mstari wa 8: "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe, wala kweli haimo mwetu." Yohana hakujipinga. Sura ya tatu inamsema mtu aliyeifanya dhambi kuwa maisha yake, akatulia ndani yake. Wewe hujatulia. Paulo naye, akiwa mtume, aliandika: "Kwa maana lile jema nilipendalo silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo" (Warumi 7:19). Wapo wanaosema hapo Paulo anaeleza maisha yake kabla hajamjua Kristo. Mimi sisomi hivyo, kwa kuwa mwisho wa sura ileile anamshukuru Mungu kwa Yesu Kristo na papo hapo anakiri kwamba vita bado vinaendelea.

Martin Luther, Mjerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, alifundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na wakati huohuo ni mwenye dhambi, hadi kaburini. John Wesley, mwasisi wa Wamethodisti, ambaye makanisa mengi ya kiroho yana deni kwake, alihubiri ukamilifu, lakini alimaanisha ukamilifu wa upendo. Hakusema mtu ataacha kukosea wala kujaribiwa. Na wazee wetu wa Uamsho, ule uliotokea Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Afrika Mashariki, walijulikana kwa kutubu hadharani, tena na tena, watu waliookoka miaka mingi. Sijui ni lini tuliacha kuwaiga.

Sasa hiari yako iko wapi? Huwezi kuiamuru roho isiume mteja akipita meza yako. Lakini asubuhi, mkipanga viazi kwenye ndoo na sado, unaweza kumsalimia jirani wewe kwanza. Mkwe unaweza kumwita mle pamoja kabla wiki haijaisha. Mwombe Mungu nguvu ya hilo dogo, ulifanye. Na Meza ya Bwana uikaribie. Imeandaliwa kwa ajili ya watu kama wewe.

Mtoto wetu alifariki siku ya tatu baada ya kuzaliwa, hatujambatiza. Jirani alimwambia mke wangu kwamba mtoto amepotea kwa dhambi ya asili. Tangu siku hiyo mke wangu hali chakula. (Baba, Tukuyu)

Poleni sana, ndugu yangu. Naomba umsomee mama wa mtoto jibu hili, polepole.

Jirani yenu alikosea, lakini maneno yake yana mizizi ya zamani. Paulo anasema dhambi iliingia ulimwenguni kwa mtu mmoja, na kwa dhambi hiyo mauti (Warumi 5:12). Augustino, niliyemsifu hapo juu, alilichukua neno hilo akafundisha kwamba tunazaliwa na hatia yenyewe ya Adamu, na kwamba mtoto asiyebatizwa ataadhibiwa, ingawa kwa adhabu nyepesi kuliko zote. Hapo simfuati. Waorthodoksi hawakumfuata tangu zamani: wao wanasema kwa Adamu tumerithi mauti na udhaifu, ila hatia ni ya yule aliyetenda. Kanisa Katoliki, katika Katekisimu yake ya mwaka 1992, linawakabidhi watoto hawa kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 tume yake ya wanateolojia ilieleza kwa kirefu sababu nzito za kutumaini kwamba wameokolewa.

Luther mwenyewe alizika mabinti wawili. Mwaka 1542 aliwaandikia kina mama waliopoteza watoto kabla ya ubatizo, akawaambia kwamba kilio chao na shauku ya mioyo yao Mungu anaihesabu kuwa sala. Mke wako alimbeba mtoto yule miezi tisa akimtakia mema kwa Mungu. Sala hiyo ilisikika.

Na wokovu haukuwahi kuanzia kwetu. Mimi na wewe, wenye akili timamu, hatukumtafuta Mungu kwanza; yeye ndiye aliyetutangulia. Mtoto wa siku tatu, asiyeweza kuchagua lolote, yuko mikononi mwa yuleyule aliyesema, "Waacheni watoto wadogo waje kwangu, msiwazuie" (Marko 10:14). Mama, kula.

Nimeambiwa ndoa yangu inayumba kwa sababu babu yangu alikuwa mganga, na nitoe sadaka maalumu ili laana ya ukoo ivunjwe. Nitoe? (Mbalizi)

Usitoe hata shilingi. "Mwana hatauchukua uovu wa baba yake" (Ezekieli 18:20). Kweli, nyumbani tunarithi tabia: hasira, ulevi, kupigana. Hayo yanaumiza vizazi, na Kutoka 20:5 inatuonya. Ila hatia ya babu haikuandikwa kwa jina lako, na neema haina bei. Mwaka 1517 Luther aliandika hoja zake 95 kupinga biashara ya namna hiyohiyo, watu wakinunua vyeti vya msamaha kwa ajili ya ndugu zao waliokufa. Fedha ya sadaka hiyo ifanyeni nauli, wewe na mwenzako, mwende kuwaona wazee waliowafungisha ndoa.

Mimi ni Mlutheri, mchumba wangu ni Mkatoliki. Wazee wanabishana: imani au matendo? (Makambako)

Wazee hao wamelelewa katika ugomvi wa Ulaya uliokuja huku na wamisionari, wengine kupitia misheni ya Kikatoliki ya Tosamaganga, wengine kupitia ya Kilutheri ya Kidugala. Waambie kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa kustahili kwetu, na neema hiyo inatufanya upya tutende mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006. Tofauti zimebaki. Mkatoliki atasema mtu aliyeguswa na neema anashirikiana nayo kwa hiari yake. Mlutheri anaogopa neno "kushirikiana", asije mtu akajisifu (Waefeso 2:9). Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini mahari haipaswi kukwama kwa ajili yake.

Je, Mungu amekwisha kuchagua wa kupotea? (Mwanafunzi, Makete)

Wafuasi wa Calvin, mwanamatengenezo wa Geneva, kwenye mkutano wa Dort, Uholanzi, mwaka 1618 na 1619, walisema Mungu huchagua wa kuokolewa bila kutazama lolote ndani yao, na wengine huwaacha katika dhambi yao. Nawaheshimu kwa kutaka sifa zote ziwe za Mungu. Lakini mimi nashika neno kwamba yeye "hutaka watu wote waokolewe" (1 Timotheo 2:4), na sioni namna ya kulipunguza neno "wote".

Kaka yangu alikunywa ulanzi tangu akiwa shuleni. Aliokoka mara nne, akarudi. Amefariki msimu huu, na kwenye mazishi mhubiri akasema, "Alichagua mwenyewe." Kweli alichagua? (Ilula)

Pole, mdogo wangu. Kikombe cha kwanza, labda alichagua. Lakini wewe unaujua ulanzi: mvua zikianza mianzi inagemwa asubuhi na jioni, uliogemwa leo ni mtamu hata mtoto anaonja, ukilala unakuwa mkali, na bei yake ni ya mtu asiye na kitu. Miaka ikipita, hiari inakuwa imefungwa. Pelagio, mwalimu wa dini wa siku za Augustino, alifundisha zamani kwamba mtu akitaka kuacha dhambi anaweza, hana haja ya kusaidiwa kwa ndani, na maaskofu wa Afrika walioketi Karthago mwaka 418 walimkataa. Mhubiri wenu alihubiri Pelagio juu ya jeneza.

Zile mara nne nazo ni zake. Paulo anasema hata "kutaka kwenu" ni Mungu atendaye kazi ndani yetu (Wafilipi 2:13), basi kila alipotaka kurudi, Mungu alikuwa bado anamshughulikia. Na mwizi pale msalabani hakupewa nafasi ya kutenda jema hata moja. Aliomba tu, akaahidiwa Paradiso. Aliyoyaomba kaka yako usiku wake wa mwisho, mhubiri hakuyasikia.

Umeniandikia pia kwamba mdogo wenu wa mwisho ameanza kushinda kilabuni. Huyo bado anaweza kusikia. Mfuateni nyumbani asubuhi kabla hajanywa, wewe na mtu mmoja anayemheshimu, mpeleke hospitali maana ulevi una tiba, na akianguka mara ya nne mwende tena.