Anza na tembo, soksi zitakuja zenyewe

Dada, umesema umeshafuma skafu tatu, sasa unatamani soksi, na kuna mtu amekushauri uanze na midoli midogo. Unauliza kama huo si utoto. Mimi nilidhani ni utoto. Nikaikimbilia sweta moja kwa moja, nikakosea kupunguza vitanzi begani, na kosa nikaliona nimeshafika shingoni. Nilifumua kazi ya wiki tatu, sindano nikazisukumia chini ya kitanda, na huko zikakaa miezi.

Aliyenirudisha ni tembo wa ukubwa wa ngumi.

Tembo ana miguu minne, na faida yote iko hapo. Kila mguu ulikuwa na vitanzi 12 tu, unafumwa kwa mzunguko: sindano tatu fupi zenye ncha pande zote mbili zimeshika vitanzi vinne vinne, ya nne ndiyo inayofuma. Mguu wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Kila sindano zilipokutana palibaki mlia wa matundu, kama ngazi, kuanzia unyayoni mpaka juu. Wa pili nikaanza kukaza uzi kwenye kitanzi cha kwanza na cha pili cha kila sindano. Wa tatu ngazi ikafifia. Wa nne, itafute, huioni. Mguu mmoja ni kazi ya jioni moja, na ukiharibika unafumua chai haijapoa.

Masikio nayo yalinifunza. Ukipunguza kwa kufuma vitanzi viwili kwa pamoja, kinachobaki kinalalia kulia. Ukitaka kilalie kushoto, hamishia vitanzi viwili, kimoja kimoja, kwenye sindano ya kulia kana kwamba unavifuma, kisha chomeka sindano ya kushoto kwa mbele ya vitanzi hivyo, uvifume pamoja. Kwenye maelekezo ya sweta nilikuwa nachagua njia yoyote nikidhani ni mamoja. Matokeo yake tembo wangu masikio yote mawili yameelekea upande mmoja, kama anapigwa na upepo. Nimemwacha hivyo hivyo.

Kichwa ni mpira tu: vitanzi 6, ongeza viwe 12, kisha 18, kisha 24, kati ya kila ongezeko mzunguko mmoja usio na nyongeza. Unapoongeza, inua uzi uliolala katikati ya vitanzi viwili, uufume ukiwa umepinda. Usipoupinda linabaki tundu na pamba inachungulia. Kwa sababu hiyohiyo tumia sindano nyembamba kuliko zilizoandikwa kwenye lebo ya uzi.

Kwa soksi hasa, mfume bata. Makalio ya bata na kisigino cha soksi ni kitu kimoja. Unafuma, unageuza kazi kabla mstari haujaisha, unarudi, unageuza tena mapema zaidi. Katikati panapata mistari mingi kuliko pembeni, kwa hiyo kitambaa kinabetuka chenyewe. Kabla ya kugeuza, zungushia uzi kitanzi kinachofuata; baadaye ukikifikia, kifume pamoja na ule mzunguko wake, la sivyo utaacha matundu. Nilisoma maelezo ya namna hii mara kumi bila kuelewa. Nilipoyafuata kwenye bata, makalio yakajaa mkononi nikayashika, nikacheka peke yangu.

Usianze na uzi mweusi wala wenye manyoya, hutaona vitanzi. Chukua rangi nyepesi, uzi laini uliosokotwa vizuri. Na kama mdoli ni wa mtoto wa chini ya miaka 3, macho yatarizi kwa uzi, usishone vifungo, maana atavinyofoa avimeze.

Ila sitakudanganya, kuna kitu mdoli hakufundishi: vipimo. Vitanzi vikilegea kidogo, tembo ananenepa na hakuna atakayejua. Soksi ikilegea inavuka kisigino. Kwa hiyo hata baada ya bata, fuma kipande cha majaribio, kioshe, kikauke, uhesabu vitanzi kwa sentimita 10 kabla hujagusa soksi.

Ukikwama kwenye kule kugeuza, weka hapa picha ya upande wa nyuma wa kazi. Huko ndiko nitakapoona ulipokosea.